Muulize Mama Usingizi: Anakoroma, ananyamaza, kisha anashtuka

Kwa mgeni wa ukurasa huu: jina hili sikujipa. Kwa miaka 27 nilikuwa muuguzi wa usingizi, yule anayesimama kichwani kwa mgonjwa wakati daktari yuko tumboni, na watoto waliokuwa wakiletwa kupasuliwa ndio walionibatiza. Sasa nimestaafu, nafuga kuku Nzuguni na kusoma barua zenu. Mwezi huu barua nne zimekutana kwenye jambo moja, unene na pumzi. Ya kwanza nimeijibu kirefu kwa sababu iliniweka macho usiku, na mimi si mtu wa kukeshea barua.

Shikamoo Mama Usingizi. Mume wangu ana miaka 46, dereva wa lori, anapiga ruti ya Dodoma, Singida hadi Nzega. Ana kilo 138, urefu sentimita 172. Usiku anakoroma mpaka mpangaji wa chumba cha pili anagonga ukuta. Mkoromo nimeuzoea, kinachonitisha ni pale unapokatika. Anakuwa kimya, nahesabu mpaka ishirini na ushee, halafu anashtuka kama mtu aliyetolewa majini, anageuka, anaanza upya. Asubuhi kichwa kinamuuma. Mwezi uliopita alisinzia kwenye usukani karibu na Bahi, utingo ndiye aliyemwamsha. Yeye anasema anayekoroma amelala fofofo. Rafiki yake kamwambia kuna upasuaji wa kupunguza tumbo, unashuka kilo hamsini na kukoroma kwaheri. Ni kweli? Naogopa kisu, ila ule ukimya naogopa zaidi. — Mke wa dereva, Nkuhungu

Marahaba mwanangu. Kabla ya kisu na kabla ya kilo: mumeo asiguse usukani mpaka apimwe. Najua lori ndilo ugali, ada na kodi ya nyumba. Lakini mwenye tatizo hili, la kukatika pumzi usingizini, ambaye hajatibiwa yuko kwenye hatari ya ajali mara mbili hadi tatu kuliko dereva mwingine, na barabara ile ya Bahi ilivyonyooka inambembeleza hata aliyelala kwa muda wa saa kumi. Amwambie tajiri anaumwa, atafutwe wa kushika zamu.

Sasa huo ukimya. Umeuhesabu vizuri kuliko barua nyingi za rufaa nilizowahi kusoma. Mtu akilala, misuli ya koo hulegea. Kwa mnene, mafuta yamejaa shingoni, na hata ulimi wenyewe hubeba mafuta, kwa hiyo njia ya hewa tayari ni nyembamba. Hewa ikipita inatetemesha nyama za koo, huo ndio mkoromo. Njia ikiziba kabisa, kifua kinaendelea kuvuta lakini hakipati kitu, na hapo ndipo unaposikia kimya. Sekunde 10 tu zinatosha kuhesabiwa kwamba pumzi imesimama. Wewe umefika ishirini na ushee. Oksijeni inashuka kwenye damu, ubongo unapiga kengele, anashtuka, koo linafunguka. Asubuhi hakumbuki hata mara moja. Wapo wanaoamshwa hivyo mara 30 na zaidi kila saa, na kuanzia hapo tunauita ugonjwa mkali. Anayekoroma hivyo hajalala, usiku kucha alikuwa kwenye mieleka.

Na kichwa cha asubuhi usikipuuze. Pumzi ikiwa haba, kabonidayoksaidi inabaki kwenye damu na kutanua mishipa ya kichwani. Kwa baadhi ya wanene inabaki juu hata mchana wakiwa macho. Huo ni ugonjwa mwingine, mzito kuliko wa koo peke yake, maana moyo huelemewa upande wa kulia na miguu huvimba. Jioni akivua viatu, bonyeza kwa kidole juu ya kifundo uone kama panabaki shimo.

Nikusimulie kitu. Zamani kidogo aliletwa thieta mama mmoja wa kilo mia na thelathini na kitu, kuja kutolewa ngiri ya kitovu. Akaniambia, "Sista, mimi silali chali, nyumbani nalala kwenye kochi." Nilimsikia, lakini orodha ya siku ile ilikuwa ndefu na daktari alishanawa. Tukamlaza bapa. Ile mashine ya kubana kidole hutoa mlio kwa kila pigo la moyo, na oksijeni ikipungua mlio nao unakuwa mzito, kila pigo chini ya lililotangulia, kama mtu anateremka ngazi gizani. Nilimvutisha oksijeni dakika tatu kama kawaida, nikampa dawa ya usingizi, na kabla bomba halijaingia mlio ulikuwa umeshaanza kuteremka. Mtu wa uzito wa kawaida aliyejazwa oksijeni anaweza kukaa dakika 6 hadi 8 bila kupumua kabla damu haijapungukiwa. Mnene sana hafikishi hata 3. Nikapiga kelele, tukamwinua mabega, tukapanga blanketi nne zilizokunjwa na khanga zake mbili chini ya mgongo na kichwa, mpaka tundu la sikio likawa usawa mmoja na kifua. Bomba likaingia, mlio ukapanda. Aliamka salama, na mimi tangu siku hiyo mgonjwa akinieleza anavyolala, naacha kila kitu namsikiliza.

Kilichotokea ni hiki. Akilala chali, kitambi kinasukuma kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha tumbo na kifua, nacho kinapanda juu na kuyabana mapafu sehemu ya chini. Akiba ya hewa inakwisha. Mara nyingi mapafu yenyewe ni mazima kabisa, yamekosa nafasi tu, kama abiria wa tatu kwenye bodaboda. Ndiyo maana uzito ukishuka, pumzi hurudi kwa namna inayowashangaza hata wenyewe.

Nije kwa rafiki yake. Kasema nusu ya ukweli. Upasuaji unaofanywa zaidi siku hizi huondoa kama robo tatu ya tumbo la chakula, au zaidi, kikabaki kimfuko chembamba mfano wa ndizi. Mwingine hutenga kimfuko kidogo juu na kukiunganisha na utumbo ulio mbele zaidi, chakula kikapita njia ya mkato. Mafuta ya kitambi hayakatwi, hilo watu hulichanganya sana. Mtu anashiba upesi, na homoni za njaa zinapoa. Kuanzia mwaka 1991 sharti lilikuwa BMI, kipimo cha uzito kwa urefu, ya 40, au 35 kwa mwenye ugonjwa ulioletwa na unene. Mwaka 2022 vyama vya kimataifa vya wapasuaji hawa vikalegeza, 35 hata bila ugonjwa. Gawanya kilo kwa urefu wa mita, kisha gawanya tena kwa urefu huohuo: mumeo anapata 46 na ushee. Kwa kipimo hicho anaingia bila kubembeleza.

Na kukoroma kwaheri? Mwaka 2009 madaktari wa Marekani walikusanya tafiti 12 za watu waliopimwa usiku kabla na baada ya upasuaji. Pumzi zilizokatika zilishuka kutoka wastani wa 55 kwa saa hadi 16. Hiyo ni neema kubwa, sitaki kuipunguza. Ila kuanzia 15 bado tunauita ugonjwa wa kiwango cha kati. Kwa hiyo wapo waliopona kabisa, na wapo waliobaki wakikatika pumzi huku wamependeza na suruali zinapwaya.

Kisu unachokiogopa nacho kina hesabu yake. Katika utafiti mmoja mkubwa wa Marekani, mwaka huohuo wa 2009, waliofariki ndani ya siku 30 walikuwa 3 kati ya 1,000. Hatari zenyewe ni mshono kuvuja, kutoka damu, na damu iliyoganda miguuni kupanda hadi kwenye mapafu. Na katika utafiti huo, kukatika pumzi usingizini kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyoongeza matatizo. Unaona ninapoelekea. Ugonjwa unaompeleka kwenye kisu ndio unaokifanya kisu kiwe hatari, kwa hiyo utatibiwa kwanza.

Unatibiwa kwa mashine ya kupuliza hewa, sipapu. Ni kiboksi chenye bomba na barakoa ya puani. Hewa inasukumwa taratibu na kulishikilia koo lisizibe. Haipunguzi hata gramu moja, lakini inafanya kazi usiku wa kwanza ikikaa sawa usoni. Aizoee wiki kadhaa kabla ya upasuaji na aende nayo wodini, maana usiku ule wa dawa kali za maumivu ndio mbaya kuliko wote. Akivuta sigara, aache mapema, wiki sita kabla kwa uchache. Kwa hapa Dodoma nina nyongeza tatu: vumbi letu linaziba kichujio upesi, kikague kila wiki, kile kikopo cha kutia unyevu kiwekewe maji ya dukani yaliyotokana na mvuke uliopozwa (distilled water), maji yetu yana chumvichumvi na yanaacha ukoko, na umeme ukikatika mashine inazima, hivyo ulizeni bei ya betri siku hiyohiyo mnayouliza bei ya mashine.

Kumshawishi ni kazi yako, na silaha unazo. Chukua futi ya fundi cherehani umpime shingo. Mwanaume akivuka sentimita 43 ni ishara mbaya. Kisha mrekodi na simu akiwa amelala, dakika kumi, taa imulike kifua ili aone kinavyopanda na kushuka bila sauti. Wanaume wengi hubisha maneno, video hawabishi. Mwende nayo kwa daktari wa magonjwa ya ndani, hospitali ya General au ya Benjamin Mkapa, muombe kipimo cha usingizi na damu ipimwe hewa. Upasuaji wa kupunguza uzito na huduma ya puto linalowekwa ndani ya tumbo hutolewa Muhimbili kule Mloganzila, Dar es Salaam, kwa rufaa. Siku hizi kuna treni ya umeme, na kwenye treni asinzie atakavyo.

Mama shikamoo. Nina miaka 33, nanunua na kuuza mahindi soko la Kibaigwa. Nina pumu na kilo 104, urefu 158. Pampu ya bluu naivuta kila siku, msimu wa mavuno hata mara sita. Dada yangu anasema nikifanyiwa upasuaji wa tumbo pumu itaondoka na pampu nitatupa. Nauza shamba? — Mwenye pampu, Kibaigwa

Marahaba mama, shamba liache kwanza. Nina swali: pumu ilikuanza utotoni, pamoja na mafua na ukurutu, au ilikuja ukubwani baada ya mwili kuongezeka? Inayokuja ukubwani na unene ndiyo inayonufaika zaidi uzito ukipungua. Mapafu yanapata nafasi, vijia vya hewa vinatanuka, na mafuta yenyewe, ambayo humwaga kemikali za uvimbe mwilini, yanapungua. Waliopasuliwa wengi hupata mashambulizi machache na dawa zikapunguzwa. Kupunguzwa, na anayepunguza ni daktari. Kuitupa pampu sijawahi kumshauri mtu.

Kinachonikera kwenye barua yako ni bluu mara sita. Hiyo inafungua njia kwa saa chache tu, uvimbe ndani haiugusi. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, haupendekezi mtu mzima atibiwe kwa pampu ya bluu peke yake. Unahitaji na ya kuzuia, yenye steroidi, ya kila siku, na uoneshwe kuivuta kwa kile kichupa cha plastiki kinachounganishwa na pampu. Nimeona watu wanajipulizia ulimini miaka mitano. Na kabla ya hapo upulize kipimo cha mapafu, kwa sababu mnene anayehema ngazini si lazima awe na pumu. Huenda ni kiwambo kilekile nilichomweleza mwenzako wa Nkuhungu.

Kisha vumbi la mahindi. Mimi nimefika Kibaigwa wakati wa kupepeta, nilitoka nina nyusi nyeupe. Kaa upande unaotoka upepo, funga barakoa yenye kubana, khanga mdomoni haichuji kitu, na wa kumwaga magunia awe mtu mwingine. Kama jikoni ni mkaa chumba kimoja na kitanda, hilo nalo lihame.

BMI yako ni 41 na ushee, kwa hiyo upasuaji si ndoto. Ukifika huko, mwambie mpasuaji kama una kiungulia. Ule wa kimfuko cha ndizi unaweza kuongeza tindikali inayopanda kooni, na tindikali ikigusa njia ya hewa usiku, kikohozi na pumu vinaamka. Mwenye kiungulia kikali mara nyingi hushauriwa ule wa njia ya mkato. Na kama bado unatafuta mtoto, baada ya upasuaji utasubiri miezi 12 hadi 18. Mwambie mzee nyumbani mapema, asije akadhani ni visa.

Mama Usingizi, naoa Desemba. Nina kilo 88, urefu 175. Nataka kuwekewa puto tumboni nikate kitambi kabla ya harusi. Je, nitalala bila shida ya pumzi nikiwa na puto? — Bwana harusi, Area C

BMI yako haifiki 29, na hujaniambia unakoroma wala kuhema. Puto hukaa miezi kama sita kisha linatolewa, na siku za mwanzo watu hutapika mpaka wanaapa. Siku za mwanzo za puto zikiangukia karibu na harusi, picha zako zitakuwa na ndoo. Acha soda na chipsi mayai za usiku, tembea kwa miguu mpaka Nyerere Square na kurudi kila siku, na kwa kitakachobaki fundi ataongeza kiuno cha suti kwa nusu saa. Hongera.

Shikamoo. Nilifanyiwa upasuaji mwaka jana, nimetoka kilo 141 hadi 97. Kabla nilikuwa natumia mashine ya kulalia, baada ya kupungua nikaifungia stoo kwa kuwa siku hizi sikoromi sana. Lakini mchana nasinzia tena, hata kanisani, na nyayo zinakufa ganzi kama nimekanyaga sufi. Vitamini niliacha Machi, nilijiona niko vizuri. Ni uzee? Nina miaka 51. — Mama wa Makole

Marahaba dada, ingawa tumepishana kidogo tu. Uzee peke yake hauleti ganzi ya nyayo namna hiyo. Anza na hilo, wiki hii, usingoje toleo lijalo. Aliyepunguzwa tumbo hanyonyi vitamini B12 na madini ya chuma kama zamani, na akiba ya B12 huisha polepole, ndiyo maana mtu hujiona mzima miezi mingi halafu neva zinaanza kulalamika. Zile vitamini ni za maisha, sawa na mswaki. Muombe daktari apime B12, chuma na wingi wa damu. Kama umekuwa ukitapika, macho yanaona viwiliviwili au unayumba ukitembea, usipange foleni ya kliniki, nenda dharura leo na useme neno hili: thayamini, vitamini B1. Ikikosekana kwa muda mfupi tu inaumiza ubongo, na sindano yake ni ya bei ndogo.

Damu ikiwa haba, hilo peke yake linaweza kukusinzisha kanisani. Lakini mashine uliiweka stoo kwa ushahidi wa nani? "Sikoromi sana" ni maneno ya nani, yako au ya anayelala pembeni yako? Koo linaweza kuziba bila kelele nyingi. Ulipaswa kurudia kipimo cha usiku kabla ya kuifungia, na bado hujachelewa. Huenda kweli huihitaji tena. Huenda unaihitaji kwa nguvu ndogo zaidi, kwa sababu iliwekwa kwa shingo ya kilo 141. Na barakoa ile kwa uso wa sasa itakuwa inavuja pembeni, inakuvuma machoni, ndiyo maana uliichoka. Usiiwashe kwa mipangilio ya zamani ukajipongeza.

Ukienda, ibebe ndani ya boksi lake, na bomba, barakoa na waya. Mashine nyingi zina kadi ndogo ubavuni inayotunza kumbukumbu za kila usiku, saa ulizoivaa na mara ngapi pumzi ilikatika, na daktari anaweza kuisoma hadi usiku wa mwisho kabla ya stoo. Na usianze kuisafisha kwa aibu. Kichujio wakione hivyohivyo kilivyo.